Jinsi ya kuisoma jamii kwa maneno inayoyafunika

Kuna mama mmoja hapa Nakuru niliitwa kumtafsiria. Kiswahili chake kilikuwa cha kubabaisha, Dholuo ndiyo aliizoea, na shida yenyewe ni kwamba binti yake alikuwa ameenda kwa mwalimu mara mbili kusema jamaa fulani wa ploti yao "alinifanyia tabia mbaya". Shuleni wakafungua kitabu wakaandika: utovu wa nidhamu. Basi. Wiki tatu zikapita ndio mama akajua. Na mtu yeyote aliyelelewa Kenya anajua "tabia mbaya" ikitoka kwa mdomo wa mtoto inamaanisha ngono, hakuna mwalimu asiyejua, lakini hilo neno lilimpa aliyeshika kalamu nafasi ya kujifanya hajui.

Tangu hiyo siku mimi husikiliza maneno laini kwa makini sana. Shule tulifundishwa inaitwa tafsida (wengine huandika tasfida), tukapewa mifano kidogo ya mtihani, kufa ni kuaga dunia, kuzaa ni kujifungua, tukafunga kitabu tukaenda lanchi. Ni hasara, ju ukitaka kujua watu wa mahali wanaogopa nini, wanamheshimu nani na wanamlinda nani, ukiwauliza moja kwa moja hawatakuambia, lakini ukisikiliza pale wanaposhusha sauti na kubadilisha neno utajua yote.

So hapa naandika venye mimi hufanya, ukitaka kufanya ya mtaa wenu ufanye. Nimezaliwa Kisumu, baba Mjaluo, mama mtu wa Butere, nimeolewa Nakuru, kwa hivyo mifano ni ya huku.

Chukua daftari uende matanga

Daftari ndogo tu, hata ile ya bob 20. Usiandike neno peke yake, neno peke yake halikuambii kitu. Andika nani alisema, alimwambia nani, nani mwingine alikuwa karibu anasikia, na neno lenyewe lililo wazi ni lipi. Hiyo ya nani alikuwa karibu ndiyo watu husahau na ndiyo yenye uzito, kwa sababu mtu yuleyule atasema "amekufa" akiwa na marafiki zake kwa stage na dakika tano baadaye aseme "ametuacha" mbele ya mjane.

Nasema uanze na matanga kwa sababu huko utapata tafsida nyingi kwa siku moja kuliko mwezi mzima mahali pengine. Anza hata kabla hujafika. Simu ikipigwa usiku kutoka ushago hakuna atakayekuambia fulani amekufa, utaambiwa "njoo nyumbani kuna maneno kidogo", ama "mgonjwa amezidiwa", na wewe unatafuta nauli ukijua. Ukifika ndio mtu mzima anakuketisha anakuambia ana kwa ana. Kwa Dholuo watasema oweyowa, ametuacha. Kanisani amepumzika. Waislamu wa Mumias na wale wa Bondeni hapa Nakuru watasema ametangulia mbele ya haki. Na hutasikia maiti, ni "mwili", mwili unatoka mochari saa mbili, mwili utalala nyumbani leo, na kesho tunamlaza.

Sasa ukiandika kwa daftari kwamba "watu wanaogopa kifo" hujaandika kitu, watu wa kila mahali wanakiogopa. Angalia neno limeegemea wapi. "Ametuacha", yaani sisi ndio tumebaki, sentensi inawaangalia walio hai. "Mwili utalala nyumbani", yaani marehemu bado ana nyumbani na bado ana usiku mmoja wa kulala kwake. Hapo umeanza kuona kitu cha huku hasa, kwamba mtu wa Nyanza ama Magharibi akifia Nairobi, Mombasa, popote, swali la kwanza ni anarudishwa lini. Wale wakubwa wanakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, alifariki Desemba 1986 na akazikwa Nyalgunga kule Siaya Mei 1987, miezi mitano baadaye, kwa sababu mjane wake Wambui Otieno alitaka azikwe karibu na Nairobi na ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, anarudi nyumbani. Hiyo miezi mitano ya mahakama yote iko ndani ya hilo neno dogo, kulala nyumbani.

Uliza: hapa nani anasitiriwa?

Hili ndilo swali moja ambalo ukikosa yale mengine yote ushike hili. Kiswahili kina maneno mawili ambayo mimi huyatenganisha kabisa, kusitiri na kuficha. Kusitiri ni kumfunika mtu aibu isimpate ama maumivu yasimzidi, kama vile unavyomrushia mama leso akianguka barabarani. Kuficha ni kufunika kitu ili aliyekifanya asijulikane. Tafsida moja inaweza kufanya kazi zote mbili, inategemea imesemwa na nani, ndio maana nilikuambia uandike nani yuko karibu.

Chukua ile "baada ya kuugua kwa muda mrefu" ya matangazo ya vifo. Miaka ya 90 Kisumu kila mtu alikuwa anajua inasomwaje. Moi alitangaza ukimwi janga la taifa Novemba 1999, na hapo mgonjwa wa kwanza Kenya alikuwa amegunduliwa tangu 1984, miaka 15. Lakini watu hawakukaa hiyo miaka 15 bila neno. Kwa Dholuo wakauita ayaki, ni neno linalobeba maana ya kupora, kitu kinakuja kinabeba watu bila kuuliza. Wengine mdudu. Waganda wao walikuwa wanasema slim kwa sababu ya venye mtu anakonda. Na nyumba nyingi zikasema ni chira.

Chira ndiyo inataka uangalifu, usiiandike tu kama jina la kufichia. Chira ilikuwepo kabla, ni ule ugonjwa wa kukonda unaompata mtu kwa sababu mwiko umevunjwa nyumbani, na watu waliamini kwa moyo wote. Lakini ugonjwa mpya ulipokuja na dalili zinafanana, chira ikawa sitara, familia inaweza kuzika mtoto wao bila kijiji kuwanyooshea kidole. Hapo imesitiri. Na hapohapo ikaua, kwa sababu chira dawa yake ni manyasi, yaani miti shamba, na kurekebisha mambo ya boma, haina haja ya kupimwa, na mjane akarithiwa na mwanaume mwingine asiyejua. Mimi nimezika jamaa zangu wa rika la baba yangu na sikuwahi kusikia neno lenyewe likitajwa kaburini hata mara moja.

Halafu angalia kilichotokea dawa zilipoanza kupatikana bure kwa hospitali za serikali, katikati ya miaka ya 2000. Neno likahama. Sai ukiuliza Kondele ama Nyalenda kule Kisumu utasikia "ako kwa dawa", "alianza dawa kitambo". Jina limetoka kwa kifo likaenda kwa kidonge. Hakuna mtu aliyekaa chini akaamua hivyo, hali ilibadilika na neno likafuata. Kwa hivyo kila ukipata tafsida uliza wazee na kabla ya hii mlikuwa mnasema aje, andika na mwaka kama wanakumbuka.

Jaribio la mama mkwe

Ukienda kwa mtu na swali la kitabu, "tafsida ya hedhi ni gani", atakuangalia tu ama akupe jibu la mtihani. Mimi nilijifunza njia nyingine kwa kukhu wangu, yaani nyanya yangu, wa Butere. Nilimwuliza mbele ya mama mkwe wako ungesemaje. Akacheka mpaka akafunika uso na leso, "Ee mjukuu wangu, mbele yake si unanyamaza tu, unasema sijisikii vizuri leo." Halafu nikamuuliza na kwa dada yako? "Nasema niko mwezini." Na kwa daktari? Hapo akafikiria sana, akasema daktari ni kijana mwanaume, pia yeye namwambia sijisikii vizuri.

Ona sasa, kwa maswali matatu umepata ramani nzima. Mkwe na daktari kijana wako kwa sehemu moja, na dada peke yake kwa sehemu nyingine. Na umepata shida ya kweli ya hospitali, kwamba mama mzee anajibu daktari kwa lugha ya mkwe na daktari anaandika "anajisikia vibaya" kwa faili. Kama wewe ni nesi ama mhudumu wa afya ya jamii hiyo ramani itakusaidia kuliko bango lolote.

Fanya hivyo kwa kila jambo, uliza mkwe, dada, mtoto, daktari, pasta, chifu. Jambo la choo pita haraka, halina mengi, kila mtu ana haja ndogo na haja kubwa, watoto wa shule wana shoti kol na long kol, wazee wa Kijaluo watakuambia adhi oko, naenda nje, ambayo ilikuwa kweli siku hizo ju ulikuwa unaenda nje. Moja tu nitakuambia kwa sababu mimi hulipenda: msala. Msala ni mkeka wa kuswalia, na msalani ni chooni, neno hilohilo moja. Watu wa pwani walichukua jina la mahali safi kabisa ndani ya nyumba wakalipa mahali pachafu.

Lakini mimba kaa nayo. Mke wa mtu ni mjamzito, ni mama mtarajiwa, kwa Dholuo atasemwa ni mzito tu. Msichana wa shule akiwa na hali hiyohiyo ana "mimba", amepachikwa mimba, mimba za mapema, ameharibika. Fungua gazeti lolote la Kiswahili ulinganishe, utaona mara nyingi ujauzito ni wa aliyeolewa na mimba ni ya aliyefanya makosa. Na mvulana? Mvulana "aliteleza". Tope ndiyo ilikuwa na makosa. Nikisema tafsida zinaonyesha nani analindwa ndio hii namaanisha.

Angalia sarufi pia, usiangalie neno tu

Hii watu wengi huruka. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, zote ni KI-VI, ngeli ya vitu, ingawa tunasema kipofu amefika na si kimefika. Na KI ndiyo tunatumia kudogosha, kijumba, kijitu. Usikimbie nayo sana lakini, kwa sababu kiongozi, kijana na kinyozi pia wako hapo na hakuna anayewadharau, kwa hivyo si kwamba KI yenyewe ni tusi. Ila ukiona watu wenyewe wanaotajwa wanataka watoke humo waende kwa M-WA, mtu asiyeona, mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye ualbino badala ya zeruzeru, wasikilize, wanajua kwa nini wanahama. Katiba yetu ya 2010 ibara ya 54 inasema waziwazi kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdharau. Yaani neno limeingia kwa katiba! Na sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza kuhesabu watu wenye ualbino, wakawa 9,729, na mimi naamini ni ngumu kumhesabu mtu vizuri kama jina lake bado ni tusi.

Kuna kitu Steven Pinker, mtaalamu wa saikolojia na lugha wa Marekani, aliandika 1994, kwamba neno la heshima likikaa muda linachafuka kwa sababu kile kitu chenyewe watu bado wanakidharau, so wanatafuta lingine, nalo linachafuka. Huku utaiona kwa wafanyakazi wa nyumba. Mkoloni alimwita mwanaume mzima mwenye wake na watoto "boi". Tukapata yaya, tukapata hausigeli, hilo likachafuka, vijana wakatunga mboch ambalo ni la dharau moja kwa moja, sai ni dada, ni anti, ni msaidizi. Kwa daftari lako weka safu moja zaidi: jina lilipobadilika, mshahara ulibadilika? Siku yake ya mapumziko? Kama anaitwa dada na anakula jikoni akisimama, basi jina limemsitiri mwajiri.

Pesa na ziwa

Kwa pesa tafsida ni nyingi mpaka zingine hatuzisikii tena. Chai. Kitu kidogo. Ya macho. Ongea vizuri. Umekuja mkono mtupu? Sasa tutasaidianaje. Jifunze kuuliza neno limeazimwa kutoka nyumba gani, na hapa limeazimwa kutoka ukarimu. Huku hakuna nyumba unaingia utoke bila chai, hata ya rangi, na kukataa chai ya mtu ni kumtukana. Kwa hivyo anayekuomba chai kwa ofisi amechukua adabu ya mama yako akaifanya kamba ya kukufunga, ukikataa wewe ndio unaonekana huna heshima. Sheria ya Hongo ya 2016 haina chai ndani yake, ina hongo. Jaribu hivi kimoyomoyo: rudisha neno wazi kwa sentensi ileile. "Mama, leta rushwa ndio nikutafutie faili." Nani ameumia kwa hilo neno? Wewe hujaumia, ulikuwa unaumia tayari. Ni yeye peke yake. Basi hiyo ni ya kuficha.

Na mimi hufanya vivyo hivyo na maneno ya serikali. Ada za hospitali ziliporudishwa Desemba 1989 hazikuitwa ada, ziliitwa kugawana gharama, kana kwamba tuliketi mezani tukagawana. Asilimia 1.5 ya mshahara inayokatwa ya nyumba inaitwa tozo, si kodi. Bei ya mafuta kila tarehe 14 "inarekebishwa". Sitaki kukaa hapo, siasa ya bei kila mtu anaijua, wewe andika tu.

Ziwani ndio nataka ukae. Ukienda Dunga, kwenye Ziwa Victoria, ama bichi zingine za wavuvi utasikia jaboya. Ukiuliza haraka utaambiwa ni mteja tu, mvuvi na mama wa samaki walio na mapatano, anamuuzia yeye kwanza. Ukikaa zaidi, ukisaidia kutoa magamba, ukinyamaza, utajua mapatano mengi yalikuwa na mwili ndani, mama hapati samaki kama hajalala na mvuvi. Neno la biashara limefunika lile lingine kabisa. Na usihukumu haraka hawa kina mama kwa kulitumia, wao jaboya inawasitiri, wanarudi nyumbani kwa watoto na jina la biashara. Lakini inamficha mvuvi pia, kwa uzito uleule. Wanawake wa Nduru Beach huko Kisumu walipoamua, karibu 2011, kutafuta boti zao wenyewe ndio wao wawe wanaajiri wavuvi, mradi wakaupa jina la Kiingereza ambalo halifuniki chochote, linasema hakuna ngono kwa samaki. Mimi naona hilo jina lilikuwa nusu ya kazi. Maji ya ziwa yalipopanda 2020 yaliingia mpaka kijijini na boti nyingi zikawa zimeharibika, na umaskini ukirudi na jaboya hurudi, lakini neno wazi lilikuwa limeshasemwa na haliwezi kurudi kwa mdomo.

Hapohapo ujue kuna maneno ambayo watu walifanya makusudi kuyavua ulaini. Tohara inatokana na usafi, utohara. Kwa hivyo ukisema "tohara ya wanawake" tayari umesema msichana alikuwa mchafu akasafishwa. Wanaopigania wasichana wakaliacha, wakashika ukeketaji, neno gumu, linauma sikio, na linafaa liume. Sheria ya kuharamisha ilikuja 2011. Ukiwa West Pokot ama Kisii sikiliza nani bado anasema tohara na nani anasema ukeketaji, utajua msimamo wake kabla hajakuambia. Kwa wavulana Wabukusu mambo ni mengine, Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili Bungoma yote inajua nani anaenda mtoni, na hiyo "kwenda mtoni" haina aibu ndani, ina fahari. Si kila neno la kuzunguka ni la aibu, lingine ni la kuonyesha jambo ni kubwa.

Maneno ya usafi yakielekezwa kwa watu, simama

Nikiandika kuhusu Nakuru siwezi kuruka hii. Ukiwauliza watu wa rika langu kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi, mwisho wa 2007 na Januari 2008, watakuambia "ile fujo", "wakati wa vita", "yale mambo". Watu 1,133 waliuawa nchi nzima kulingana na tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia hizo, Nakuru na Naivasha na Kisumu zikiwa kati ya mahali palipoumia sana, uwanja wa maonyesho hapa ukajaa mahema. Jirani yangu mama mmoja husema "yale mambo" na hapohapo anaanza kukunja nguo hata kama hakuna nguo za kukunja. Yake ni kusitiri, anajisitiri yeye mwenyewe, na usimlazimishe aseme zaidi ndio daftari yako ijae. Hiyo ni sheria.

Lakini kuna neno lingine lilitangulia. Tangu mapigano ya 1992 ya Molo na Olenguruone, ambayo magazeti yaliita "klashi" kana kwamba watu waligongana tu njiani, kulikuwa na madoadoa, ndivyo walivyoitwa watu wa makabila mengine. Kuondoa madoadoa. Doa ni kitu kwa nguo, unalifua. Kwekwe ni kitu kwa shamba, unaling'oa. Rwanda 1994 wauaji waliita kuua "gukora", kufanya kazi. Unaona venye haya maneno yote ni ya mtu mwenye bidii, mtu msafi, mkulima mzuri? Hiyo ndiyo tafsida mbaya zaidi ambayo mimi najua, kwa sababu haimsitiri anayeumia na haifichi tu kilichofanywa, inamwandaa mtu akifanye kesho na ajisikie amefanya vizuri. Tume ya Uwiano na Utangamano, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2008, iliweka madoadoa kwa orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi wa 2022. So kwa daftari lako tumia kalamu nyekundu: neno lolote la kufagia, kufua, kupalilia, kupuliza dawa, likielekezwa kwa watu, usingoje kuona limesemwa na nani. Mwambie mtu siku hiyohiyo, mzee wa mtaa, chifu, yeyote.

Kujua lini uvunje

Baada ya kusikiliza hivi muda mrefu utaanza kujua mahali ulaini unafaa na mahali unaua. Mbele ya mjane usilete neno wazi, hakuna anachopata. Kwa mkwe heshimu. Lakini kuna vyumba vitatu ambavyo mimi siingii na tafsida tena, chumba cha daktari, dawati la polisi na ofisi ya mkuu wa shule, kwa sababu huko neno linaandikwa, na likishaandikwa ndilo linatembea, wewe unabaki nyuma. Ukisema "alimharibia mtoto" wataandika hilo na wakili atauliza aliharibu nini, sahani? Sema mtoto amenajisiwa, sema ana miaka mingapi, taja viungo vya mwili kwa majina. Kunajisi ni kwa mtoto, kubaka ni kwa mtu mzima, kwa Kiswahili cha huku ndivyo tunavyotenganisha, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 ina adhabu zake kwa kila moja. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inatakiwa ianze ndani ya saa 72. Saa 72, na sisi tulipoteza wiki tatu kwa maneno mawili, tabia mbaya.

Kabla ya hapo, nyumbani, mfundishe mtoto neno wazi mapema, na usimwambie "huko chini" halafu ushangae akikosa la kusema. Na hebu liangalie hilo neno lenyewe, tabia mbaya. Tabia ni ya nani? Mtoto akisema alinifanyia tabia mbaya, yeye pia amejiweka ndani ya tabia. Wengi hawaripoti kwa sababu neno limewaambia wao pia walikosea.

Yule mama tulienda naye hospitali, tukaenda polisi, fomu ya P3, ile daktari huwaandikia polisi alichokiona, ikajazwa. Halafu akasema kuna mahali pengine lazima twende. Tukarudi shuleni. Hakupiga kelele, alikaa kwa kiti akasema wafungue kile kitabu, hatoki mpaka kifunguliwe. Kikafunguliwa. Utovu wa nidhamu ikakatwa kwa mstari mmoja, na juu yake kwa kalamu ya bluu ikaandikwa kunajisiwa, tarehe na sahihi. Mama alikuwa hajui kusoma hilo neno. Aliweka kidole juu yake, akanigeukia, akaniuliza kwa Dholuo kama ndilo lenyewe. Nikamwambia ndilo.